Kinga na Tiba: Wazee wa Uganda Wakati wa Korona

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Sisi walimu wa Kiswahili tumefundisha msemo huu miaka mingi bila kuutilia shaka. Historia ya Uganda ya mwaka 2020 inatulazimu kuutazama upya, hasa tukiwakumbuka wazee wetu.

Itakumbukwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alithibitishwa tarehe 21 Machi 2020. Siku nne baadaye Rais Museveni alisimamisha usafiri wa umma, na bodaboda zikaruhusiwa kubeba mizigo tu. Tarehe 30 Machi alitangaza kwamba magari ya binafsi nayo yasibebe abiria, na kwamba watu wasitoke nje kuanzia saa moja jioni. Mgonjwa aliyehitaji gari alipaswa kupata kwanza kibali cha mwakilishi wa Rais wilayani, yaani RDC.

Nia ilikuwa njema, kwani ugonjwa huo ulijulikana kuwaua wazee zaidi ya vijana. Lakini mzee yule yule aliyekuwa akikingwa dhidi ya korona mara nyingi alikuwa na kisukari au shinikizo la damu, maradhi yanayohitaji dawa kila siku na kupimwa mara kwa mara. Kwa wengi vijijini, bodaboda ndiyo iliyokuwa gari la wagonjwa. Na ofisi ya kibali ilikuwa makao makuu ya wilaya. Mzee alitakiwa asafiri ili aombe ruhusa ya kusafiri!

Tunamkumbuka bibi mmoja jirani yetu aliyekata vidonge vyake vya presha nusu nusu ili vimfikishe mwisho wa mwezi. Tulipomuuliza mbona hakuomba kibali, alijibu, "Wanangu, kibali nacho kinataka miguu."

Masharti yalilegezwa polepole. Mwezi Aprili wajawazito waliruhusiwa kwenda hospitali bila kibali. Magari ya binafsi yalirudi barabarani mwishoni mwa Mei, na mabasi na teksi mwanzoni mwa Juni, isipokuwa katika wilaya za mpakani. Bodaboda zilisubiri hadi mwishoni mwa Julai ndipo zikaruhusiwa tena kubeba abiria. Hiyo ni miezi minne. Chanjo ilipoanza Machi 2021, wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliwekwa katika makundi ya kwanza, pamoja na wahudumu wa afya na sisi walimu.

Funzo tunalolipata ni kwamba kinga ya ugonjwa mmoja isifunge njia ya tiba ya magonjwa mengine. Tunapendekeza, basi, kwamba tunapofundisha msemo huu tuwatume wanafunzi wetu wakawahoji wazee wa kwao kuhusu mwaka ule, na majibu yaandikwe kwa Kiswahili. Amri za wakubwa zimekwisha kuhifadhiwa. Safari za wazee kutafuta dawa bado ziko vinywani mwao, nao hawatakaa nasi milele.