Mwalimu wa Kujitolea na Lugha ya Mwanafunzi: Historia ya Kisomo Mpakani, Busia na Tororo

Utangulizi

Kazi ya kujitolea katika elimu ikitajwa kule Busia au Tororo, wengi wetu humfikiria kijana aliyetoka Ulaya au Marekani, akakaa miezi mitatu, akafundisha nyimbo na hesabu, kisha akarudi kwao. Vijana hao wapo, lakini wamefika juzi tu. Katika eneo hili watu wamefundishana kusoma bila mshahara, au kwa posho isiyotosha chumvi, kwa zaidi ya miaka mia moja. Wengi wao walikuwa maskini kama wale waliowafundisha.

Katika insha hii ninauliza swali moja: kwa nini juhudi nyingine za kujitolea ziliwaachia wanafunzi ujasiri wa kusimama na kusema mbele za watu, na nyingine zikawaacha pale pale? Tumezoea kujibu kwa kutaja fedha, vitabu au moyo wa mwalimu. Yote hayo yana uzito wake. Hata hivyo, ninadai kwamba historia ya mpaka huu inaonyesha jambo ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tungepaswa kuliona kabla ya wengine: lugha ya darasani ndiyo iliyoamua nani afaidike na kujitolea kwa mwalimu.

Mpaka na wasomi wa kwanza

Mpaka wenyewe ni mgeni. Kabla ya mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilifika hadi Bonde la Ufa, na Busia ya leo yote ilikuwa ndani ya Uganda. Mwaka huo Waingereza walilihamisha jimbo hilo likawa sehemu ya nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Tangu hapo mto Sio na mto Malaba ikawa sehemu ya mstari wa kutenganisha nchi. Wasamia na Wateso wakajikuta pande zote mbili, huku Wajopadhola wengi wakibaki upande wa Tororo. Leo kuna miji miwili inayoitwa Busia, inayotazamana. Wilaya ya Busia upande wa Uganda yenyewe ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997.

Kanisa halikuufuata mpaka huo mpya mara moja. Kwa miaka mingi baada ya 1902 Waanglikana wa Nyanza waliendelea kuwa chini ya Dayosisi ya Uganda. Elimu ya kusoma na kuandika ilikuja kwa njia hiyo ya dini, na mara nyingi aliyeileta kijijini hakuwa Mzungu. Semei Kakungulu alipoingia Bukedi kuanzia 1899 pamoja na askari na wafuasi wake, nyuma yake walikuja Waganda waliofundisha dini na herufi. Katika Buganda Wakristo waliitwa abasomi, yaani wasomaji, kwa sababu kusoma kulikuwa mlango wa kubatizwa. Jina hilo likasafiri hadi Uluyia.

Mwalimu wa aina hiyo alikuwa mtu wa kujitolea kwa maana halisi. Aliacha kwao, akaishi katika banda la udongo, na mara nyingi alitegemea chakula cha wale aliowafundisha. Lakini kitabu alichobeba kilikuwa cha Kiganda. Biblia nzima kwa Kiganda ilikuwa imekamilika mwaka 1896, na Kiganda kikawa lugha ya kanisa na ya utawala katika Bukedi. Mteso au Mjopadhola aliyetaka kusoma alilazimika kwanza kujifunza lugha ya wale waliokuja kumtawala. Wachache waliofaulu walipata kazi za ukarani na uchifu. Waliobaki walijifunza pia somo ambalo halikuandikwa ubaoni: kwamba maarifa yana lugha yake, na lugha hiyo si yao. Nadhani hapo ndipo ulipoanza ule woga wa kufungua mdomo darasani ambao walimu wa leo bado wanaulalamikia.

Kampeni mbili, nchi mbili

Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala sehemu kubwa ya Uganda. Kabaka Daudi Chwa alikipinga, na viongozi wa makanisa pia. Sababu zao zilieleweka: waliogopa Uganda kumezwa na walowezi wa Kenya, na Kiswahili walikihusisha na Uislamu na kambi za askari. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliacha kukitambua katika elimu, kikabaki kwa polisi. Kwa mtu wa Tororo, ambaye sokoni alikisikia kila siku, maana yake ilikuwa kwamba lugha aliyoshirikiana na majirani zake wote haingemsaidia kusoma.

Upande wa Kenya mambo yalikwenda tofauti kidogo. Sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima ilipitishwa mwaka 1966. Desemba 1978 Rais Moi alitangaza vita dhidi ya ujinga wa kutojua kusoma, na mwaka uliofuata idara maalumu ikaundwa. Madarasa ya ngumbaru yakaenea vijijini, wanafunzi wengi wakiwa wanawake. Walimu walikuwa wa aina tatu: walioajiriwa, wa muda, na wale wa kujitegemea ambao jamii yenyewe iliwaweka. Mafunzo yalianza kwa lugha ya mama na Kiswahili. Kampeni hiyo ilipoa baada ya miaka michache, kwani huwezi kumwomba mtu mwenye shamba na watoto afundishe bure bila mwisho. Lakini iliacha watu wanaosoma notisi ya chifu na barua ya mwana aliye Nairobi.

Uganda nayo ilianzisha kampeni yake mwaka 1964, ikavunjwa na misukosuko ya miaka ya Amin. Mpango wa kisomo chenye manufaa ulianza upya mwaka 1992 katika wilaya nane, kisha ukaenea. Ulitumia lugha za kienyeji, na wakufunzi wake walikuwa watu wa kujitolea.

Tanzania inatufaa kwa ulinganisho. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 mwaka 1967, na kufikia 1977 walikuwa asilimia 27. Wengi wa walimu walikuwa watu wa kujitolea waliopewa posho ndogo, kama wenzao wa Busia. Tofauti kubwa ni kwamba Tanzania ilikuwa na lugha moja ambayo mwalimu, kitabu na mwanafunzi waliifahamu wote.

Vitabu vya Busia

Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka Busia ya Kenya yenyewe. Mwaka 1985 kijana Mmarekani, Michael Kremer, alikuja kufundisha katika shule ya sekondari ya Eshisiru, Kakamega. Mwaka 1986 alishiriki kuanzisha WorldTeach, shirika la kupeleka walimu wa kujitolea nchi za nje. Katika miaka ya 1990 alirudi akiwa mtafiti wa uchumi, akafanya kazi na shirika la Kiholanzi la ICS lililosaidia shule za Busia na Teso. Badala ya kutoa msaada na kuhesabu tabasamu, walichagua kwa kura shule zitakazoanza kupata msaada, kisha wakazilinganisha na zilizosubiri.

Utafiti unaojulikana zaidi ni ule wa dawa za minyoo, ulioanza 1998 katika shule 75. Utoro ulipungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 Kremer alishinda Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Kwa hoja yangu, utafiti wa vitabu una uzito zaidi. Mwaka 1996 shule 25 zilipewa vitabu vya kiada. Kila mtu angetarajia alama zipande, lakini wastani haukupanda. Waliofaidika ni wanafunzi ambao tayari walikuwa juu darasani. Watafiti walieleza sababu: vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi wa huko Kiingereza ni lugha ya tatu. Mtoto anaongea Kisamia au Kiteso nyumbani, Kiswahili sokoni, kisha anapewa kitabu asichoweza kukisoma. Zawadi ile ile iliyomwinua wa kwanza ilimwacha wa arobaini pale alipokuwa. Miaka mia moja baada ya Biblia ya Kiganda, hali ilikuwa ile ile.

Darasa la watu wazima

Wakati wa likizo mbili nimejitolea katika darasa la watu wazima upande wa Tororo. Wanafunzi wetu hawakuwa na lugha moja ya nyumbani: Wateso, Wajopadhola, Wasamia na mama mmoja Mnyole. Kitabu tulichokuwa nacho kilikuwa cha lugha moja tu kati ya hizo, kwa hiyo nusu ya darasa ilinyamaza. Tulipoanza kuandika ubaoni maneno ya sokoni, bei, kilo, deni, gunia, risiti, ukimya uliisha. Mama muuza dagaa, ambaye kwa wiki tatu alikuwa akijibu kwa kichwa, alinisahihisha hesabu ya faida mbele ya wote. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kujiamini. Alikuwa hodari siku zote, ila mpaka siku hiyo darasa halikuwa limemuuliza kwa lugha anayoifanyia kazi.

Wanafunzi hao hawana wakati wa kupoteza. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018. Kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za asili ya Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha uasilia na asilipe ushuru wa forodha. Asiyeweza kusoma cheti hicho atamlipa mtu amjazie, au atapita njia za panya na kujiweka mikononi mwa yeyote atakayemkamata. Kwake kujua kusoma ni mtaji.

Hitimisho

Sisemi kwamba lugha za mama ziachwe. Mtoto aanze na lugha ya nyumbani, na Kiingereza kina kazi yake. Wala sisemi kwamba lugha peke yake inatosha: mwalimu asiyelipwa ana njaa kwa lugha yoyote, na serikali zetu zimelitumia neno kujitolea kama kisingizio kwa muda mrefu mno. Ninachosema ni kwamba mpakani kuna watu wazima wengi wanaokiongea Kiswahili vizuri na hawawezi kukisoma, na upande wa Uganda ni wachache waliowahi kujaribu kuwafundisha. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005. Kila mwaka vyuo vyetu vinatoa wahitimu wa lugha hii ambao hulalamika kwamba hawana pa kuitumia. Ipo kazi Busia, umbali wa hatua chache kutoka geti la forodha, na wanafunzi wake wanafika mapema kuliko sisi.