Usakinishaji wa mfumo wa uendeshaji kwa flashi

Usakinishaji wa mfumo wa uendeshaji kwa flashi ni kazi ya kuweka mfumo kama Windows au Linux katika kompyuta kwa kutumia flashi ya USB badala ya CD au DVD. Nchini Tanzania, ukiwemo mkoa wa Arusha, kazi hii hujulikana mitaani kama "kupiga Windows". Hufanyika pale kompyuta inapokataa kuwaka vizuri, inapojaa virusi, inapobadilishwa diski au inapohitaji toleo jipya. Ni kazi rahisi kujifunza, lakini hatua moja isiyo sahihi inaweza kufuta mafaili yote ya mwenye kompyuta.

Historia

Zamani mifumo ya uendeshaji iliuzwa kwenye diski laini, kisha kwenye CD na DVD. Flashi za USB zilianza kuuzwa mwaka 2000, zikiwa na nafasi ya MB chache tu. Mfumo wa Ubuntu, uliotolewa kwanza mwaka 2004, ulisambazwa pia kwa CD zilizotumwa bure kwa posta hadi mwaka 2011. Leo kompyuta nyingi za kubebeka hazina tena sehemu ya kuwekea CD, hivyo flashi imekuwa njia ya kawaida.

Jinsi inavyofanya kazi

Kompyuta inapowashwa, programu ndogo iliyomo kwenye ubao wake mkuu ndiyo inayoanza. Programu hiyo huitwa BIOS au, katika kompyuta za miaka ya karibuni, UEFI. Hukagua vifaa, kisha hutafuta mahali penye mfumo wa uendeshaji. Kwa kawaida huutafuta kwenye diski ya ndani. Ikiagizwa kuanza na USB, huwasha kompyuta kwa kilichomo kwenye flashi.

Mfumo hupatikana kwa watengenezaji kama faili moja la aina ya ISO. Kulinakili faili hilo kwenye flashi kama inavyonakiliwa picha au wimbo hakutoshi kwa kawaida, kwa sababu kompyuta haitaona pa kuanzia. Huandikwa kwa programu maalumu kama Rufus au balenaEtcher. Programu ya Ventoy hutayarisha flashi mara moja, na baadaye mafaili kadhaa ya ISO yanaweza kunakiliwa humo kama mafaili ya kawaida.

Hatua

1. Kuhifadhi mafaili. Nyaraka, picha na kazi za shule hunakiliwa kwenye diski nyingine. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wake wa dharura hutafutwa kwanza.
2. Kupakua faili la ISO kutoka tovuti ya mtengenezaji. Wasambazaji wa Linux huweka pia alama ya uhakiki ya SHA-256. Ikilingana na ya faili lililopakuliwa, faili limefika zima.
3. Kuandika flashi. Flashi ya GB 8 hutosha mifumo mingi. Vyote vilivyokuwemo hufutwa.
4. Kuwasha kompyuta kwa flashi. Kitufe cha kuchagua hutofautiana: kompyuta nyingi za Dell na Lenovo hutumia F12, za HP hutumia Esc au F9.
5. Kuchagua lugha, mpangilio wa kibodi na diski. Hapa ndipo hatari ilipo: kuchagua diski nzima au sehemu yake isiyo sahihi hufuta yaliyomo.
6. Kuchomoa flashi, kuwasha upya, kisha kuweka draiva na masasisho.

Mifumo mingi ya Linux huweza kujaribiwa ikiwa bado kwenye flashi, bila kugusa diski ya ndani. Njia hii husaidia pia pale Windows inapogoma kuwaka: kama diski ni nzima na haijafungwa kwa ufunguo, kompyuta huwashwa kwa flashi na mafaili hunakiliwa nje kabla ya kusakinisha.

Umeme, bando na virusi

Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, kompyuta inaweza kubaki bila mfumo wowote. Tanzania imepitia vipindi vya mgao wa umeme, kwa mfano mwaka 2006, 2011 na 2023. Kwa hiyo kompyuta ya kubebeka huchajiwa kwanza, na ya mezani huunganishwa na UPS. Usakinishaji uliokatika kwa kawaida huweza kuanzwa upya kwa flashi ileile.

Faili la ISO la Ubuntu 24.04 lina takriban GB 6. Maabara ya kompyuta 20 ingehitaji takriban GB 120 kama kila moja ingepakua faili lake. Kwa flashi, faili hupakuliwa mara moja tu. Hata hivyo flashi inayozunguka kutoka mashine moja hadi nyingine hubeba virusi kwa urahisi, na nakala za Windows zilizovunjwa ulinzi huweza kuja na programu hasidi ndani yake. Programu za kompyuta zinalindwa nchini na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Arusha na eneo la Mlima Meru

Arusha ina vyuo vinavyofundisha masomo ya kompyuta, kama Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978, na Chuo cha Uhasibu Arusha kilichopo Njiro. Tengeru, chini ya Mlima Meru, ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela.

Wilayani Karatu, mkoa huohuo, shirika la Powering Potential lilipeleka katika shule za sekondari kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua. Kompyuta hizo kwa kawaida huwekewa mfumo kwa njia inayofanana na ya flashi, ila faili huandikwa kwenye kadi ya SD.

Kompyuta za zamani

Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 huhitaji RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, hivyo kompyuta nyingi zilizotumika hazikidhi masharti. Kwa wenye kompyuta hizo, mfumo mwepesi wa Linux kama Lubuntu au Linux Mint Xfce ni njia mojawapo ya kuendelea kupata masasisho ya usalama bila kununua mashine nyingine.