SEHEMU YA 4: Msuli mdogo uliobeba Mwanza

Tunaendelea na historia ya miili yetu na kazi za huku ziwani. Leo ni zamu ya bega.

Mwaka 1858 Speke alipofika Mwanza na kuliona ziwa, mizigo yake haikutembea yenyewe. Ilibebwa na wapagazi. Kwenye njia za misafara, Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma walibeba nguo, shanga na pembe za ndovu, kilo 30 hivi kwa mtu, wengi wakiweka mzigo begani. Reli ikatufikia 1928, pamba ikasafiri kwa treni, lakini marobota hayapandi behewa yenyewe. Miaka ya 1990 vikaja viwanda vya sangara. Na leo hii nenda Mwaloni Kirumba alfajiri uone magunia ya dagaa: bado ni bega tu.

Sasa sikiliza. Ndani ya bega kuna misuli minne midogo inayoushika mfupa wa mkono usichomoke kwenye shimo lake. Wa juu unaitwa supraspinatasi, unasaidia kuuinua mkono pembeni. Kano yake inapita kwenye uchochoro mwembamba chini ya mfupa. Ukipiga kasia, ukivuta nyavu na kuinua mizigo miaka nenda rudi, inasagika taratibu.

Mwaka 1834 daktari Mwingereza, J. G. Smith, alieleza kano za bega zilizokatika alizoziona kwenye maiti. Miaka 100 baadaye, 1934, Ernest Codman, daktari mpasuaji wa Boston, akatoa kitabu kizima juu ya bega.

Sisi je? Bega likiuma tunasema baridi ya ziwani. Tunachua kwa nguvu, tunaufunga mkono wiki na wiki. Mwisho bega linaganda, na kuli analipwa kwa mzigo. Asipobeba, watoto hawali.

Fanya hivi:

1. Inama, shika meza kwa mkono mzima. Acha wenye maumivu uning'inie, uzungushe polepole. Zoezi hili linaitwa kwa jina la Codman mpaka leo.

2. Maumivu yakipungua, shika chupa ya maji ya nusu lita, dole gumba juu. Inua mkono pembeni, mbele kidogo, usipite usawa wa bega. Mara 10, pumzika, rudia.

3. Funga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye nguzo. Bana kiwiko ubavuni, vuta kuelekea nje.

Uchovu sawa, maumivu makali hapana: acha. Na kama umeanguka na mkono hauinuki, usisubiri, nenda hospitali.

Mji huu umepanda juu ya mabega ya watu. Usiisome peke yako hii, msomee na aliyekubebea gunia leo.

Tukutane sehemu ya 5.