Sotoka: Virusi vilivyopunguzwa makali Muguga vikaokoa mifugo ya dunia

Sotoka, maradhi yaliyowahi kuwafukarisha wafugaji wa Afrika, Asia na Ulaya kwa karne nyingi, hayapo tena duniani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Chakula na Kilimo (FAO) lilitangaza hivyo mjini Roma mnamo Juni 28, 2011, mwezi mmoja baada ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani kutoa tamko kama hilo. Haya ni maradhi ya pili kuangamizwa na binadamu, baada ya ndui ambayo ilitangazwa kutoweka mwaka wa 1980.

Silaha kuu katika vita hivyo ilitoka Kenya. Ilikuwa chanjo iliyotengenezwa kwa virusi vya sotoka vyenyewe, vikiwa hai lakini vimepunguzwa makali katika maabara ya Muguga, karibu na Nairobi. Sampuli za virusi hivyo zilipelekwa katika maabara za nchi nyingi, nazo zikawa mbegu ya kutengenezea chanjo iliyotumiwa Afrika na Asia.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Kule Muguga, moto huo ulipunguzwa ukawa wa kuota, si wa kuteketeza.

Maangamizi ya karne ya 19

Sotoka ilishambulia ng'ombe, nyati na wanyama wengine wenye kwato mbili. Mnyama aliyeambukizwa alipatwa na homa kali, akatokwa na machozi na kamasi, kinywa kikajaa vidonda, kisha akaharisha hadi kuishiwa na maji mwilini. Wengi walikufa katika muda usiozidi wiki mbili. Virusi vyake ni vya ukoo mmoja na vile vya surua inayowashika watoto.

Mkurupuko mkubwa zaidi barani Afrika ulianza mwaka wa 1887, baada ya ng'ombe wenye ugonjwa kuingizwa Massawa, Eritrea, wakati wa uvamizi wa majeshi ya Italia. Katika muda wa miaka kumi hivi, maradhi yalikuwa yamefika kusini kabisa mwa bara. Katika sehemu nyingi, ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Ethiopia ilikumbwa na njaa kubwa kwa kukosa maksai wa kulima. Wamaasai waliuita wakati huo Emutai, yaani maangamizi, na wakoloni walipoingia bara walikuta jamii za wafugaji zimekwisha kudhoofika kwa njaa na ndui.

Kutoka Kabete hadi Muguga

Mapema katika karne ya 20, wataalamu wa mifugo huko Kabete walipata virusi vya sotoka kutoka kwa ng'ombe aliyekuwa mgonjwa, wakavihifadhi. Virusi hivyo vilivyopewa jina la Kabete O vilikuwa vikali mno.

Chanjo za kwanza zilizotumia virusi hai zilitengenezwa kwa kuvipitisha virusi katika miili ya mbuzi mara nyingi, mbinu iliyoanzia India katika miaka ya 1920. Zilifaa kwa ng'ombe wa kienyeji wenye nundu. Hata hivyo, zilikuwa na madhara kwa aina nyingine za ng'ombe, hasa wa kigeni, kwa kuwa virusi vilikuwa bado na makali ya kutosha kuwaugua na hata kuwaua baadhi yao.

Mnamo miaka ya 1950, daktari wa mifugo Mwingereza Walter Plowright, akishirikiana na R. D. Ferris, alichukua njia tofauti katika Shirika la Utafiti wa Mifugo la Afrika Mashariki, Muguga. Badala ya kutumia mnyama mzima, waliotesha virusi vya Kabete O katika seli za figo za ndama zilizokuzwa ndani ya vyombo vya kioo. Virusi vilipozaana, kiasi kidogo kilichukuliwa na kuhamishiwa katika seli mpya, kisha nyingine, hadi takriban mara 90.

Katika safari hiyo ndefu, virusi vilizoea maisha ya maabara na kusahau namna ya kumdhuru ng'ombe. Mnyama aliyechanjwa hakuugua wala hakuwaambukiza wenzake, lakini mwili wake ulijenga kinga ya kudumu maishani kwa sindano moja tu. Chanjo hiyo ilikuwa salama kwa ng'ombe wa kila aina, wakiwemo ndama na ng'ombe wenye mimba.

Mabadiliko yaliyovilainisha virusi hivyo yalikuwa madogo ajabu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1996 ulilinganisha chembe za urithi za Kabete O na zile za chanjo. Katika herufi karibu 16,000 za maandishi hayo ya urithi, tofauti zilikuwa 87 tu.

Plowright alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka wa 1999. Alifariki mwaka wa 2010, mwaka mmoja kabla ya sotoka kutangazwa kutoweka.

Mbegu na utunzaji wake

Virusi vilivyopunguzwa makali havina budi kulindwa visibadilike tena. Vikiendelea kuhamishwa kutoka seli hadi seli bila kikomo, huenda vikadhoofika kiasi cha kutojenga kinga yoyote. Kwa sababu hiyo, maabara huhifadhi mbegu mama iliyokaushwa na kugandishwa. Kutokana nayo hutengenezwa mbegu ya kazi, na kutokana na mbegu ya kazi hutengenezwa chanjo yenyewe. Kila toleo la chanjo hubaki hatua chache tu kutoka kwa mbegu mama.

Palipokosekana uangalifu, wafugaji waliumia. Kampeni ya kwanza ya pamoja barani Afrika, iliyoendeshwa kati ya 1962 na 1976, ilikaribia kuimaliza sotoka, lakini uchanjaji ulipolegea maradhi yalirudi kwa kishindo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilibainika pia kwamba baadhi ya chanjo zilizokuwa zikitumiwa hazikuwa na virusi hai vya kutosha. Ng'ombe alidungwa sindano, mwenyewe akarudi nyumbani ameridhika, kumbe mnyama hana kinga.

Funzo hilo ndilo lililozaa kituo cha chanjo za mifugo cha Afrika, PANVAC, kilichoko Debre Zeit, Ethiopia. Kazi yake ni kupima ubora wa chanjo na kuzipatia maabara mbegu zinazoaminika.

Tatizo jingine lilikuwa joto. Chanjo ya Plowright ilihitaji barafu hadi ilipomfikia ng'ombe, na wafugaji wengi waliishi mbali na barabara na umeme. Mapema katika miaka ya 1990, Mmarekani Jeffrey Mariner na wenzake waliboresha ukaushaji wa chanjo hiyo hata ikaweza kukaa takriban mwezi mmoja bila jokofu. Wafugaji wenyewe walifunzwa kuchanja, na chanjo ikafika Karamoja nchini Uganda, Afar nchini Ethiopia na Sudan Kusini, ambako vita viliwazuia madaktari.

Sotoka ilionekana mara ya mwisho nchini Kenya, miongoni mwa nyati wa Mbuga ya Kitaifa ya Meru, mwaka wa 2001.

Chupa zilizobaki

Ushindi huo umezaa hatari ya aina nyingine. Sasa ng'ombe wa dunia hawachanjwi dhidi ya sotoka, na hivyo hawana kinga. Virusi vikali vikitoroka katika maabara yoyote, balaa la 1887 laweza kurudi.

Ndiyo maana mataifa yalikubaliana mwaka wa 2011 kwamba sampuli zilizobaki ziteketezwe au zikusanywe katika maabara chache zilizoidhinishwa, PANVAC ikiwa miongoni mwazo. Utafiti wowote unaotumia virusi hivyo sharti uruhusiwe kwanza na mashirika hayo mawili ya kimataifa. Mnamo Juni 2019, taasisi ya Pirbright nchini Uingereza iliteketeza akiba yake kubwa ya sampuli, baada ya kunakili chembe zake za urithi. Virusi vya chanjo navyo vinahifadhiwa, iwapo siku moja vitahitajika.

Maarifa ya Muguga, hata hivyo, yangali kazini. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa nchini Kenya mwaka wa 2006 katika Turkana, inakabiliwa kwa chanjo iliyotengenezwa kwa mbinu hiyo hiyo, kutokana na virusi vilivyopatikana Nigeria mwaka wa 1975. Lengo la kimataifa ni kuiangamiza kufikia 2030. Kwa mfugaji mwenye mbuzi wachache tu wa kumsomeshea watoto, lengo hilo litatimia siku chupa yenye virusi hai itakapofika bomani kwake kabla ya maradhi.