Mchongo au Chapa? Maelezo Mafupi ya Historia ya Utengenezaji wa Chipu za Silikoni

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi chipu za kompyuta zitengenezwavyo kutokana na visahani vya silikoni, na jinsi ufundi huo ulivyokua hata kufikia mwaka 1971. Yamkini msomaji atajiuliza jambo hili lina uhusiano gani na wataalamu wa lugha. Uhusiano upo, kwa sababu yeyote atakaye kulieleza kwa Kiswahili hana budi kuchagua kitenzi. Ni rahisi kusema kwamba saketi "huchongwa" juu ya silikoni. Lakini kitenzi hicho kinatuletea picha ya fundi mmoja aliyeinamia gogo lake, tezo mkononi. Tutajaribu kuonyesha kwamba picha hiyo inaipotosha historia, na kwamba istilahi iliyo karibu zaidi na ukweli ni kupiga chapa.

Fuwele na kisahani

Silikoni imejaa katika mchanga na mawe, ila haipatikani peke yake, kwani imeshikamana na oksijeni. Hutenganishwa kwa kuchomwa pamoja na kaboni katika tanuri, kisha hugeuzwa gesi na kurudishwa kuwa kitu kigumu, hata usafi wake ukafikia asilimia 99.9999999. Baada ya hapo huyeyushwa, na fuwele ndogo huchovywa ndani yake na kuvutwa juu polepole huku ikizungushwa. Silikoni huganda nyuma yake, na likatokea pande moja la mviringo ambalo chembe zake zote zimejipanga kwa utaratibu mmoja.

Njia hii ilivumbuliwa mjini Berlin mwaka 1916 na Mpolandi Jan Czochralski. Husimuliwa kwamba alichovya kalamu yake katika chungu cha bati lililoyeyuka badala ya kidau cha wino, na alipoivuta ukafuata uzi mwembamba wa bati, nao ukaonekana kuwa fuwele moja. Pande hilo hukatwa visahani vyembamba visivyofikia unene wa milimita moja, ambavyo husuguliwa hata vikang'aa kama kioo. Visahani vikubwa vitumikavyo leo vina kipenyo cha milimita 300.

Utando ulioachwa

Transista ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1947 katika maabara za Bell huko Marekani, nayo ilikuwa ya gerimaniamu. Mwaka 1955, katika maabara hizo hizo, Carl Frosch na Lincoln Derick waligundua kwamba silikoni ikipashwa moto penye mvuke au oksijeni huota utando mgumu unaozuia kemikali kupenya. Wahandisi wakautumia utando huo wakati wa kazi, na kazi ilipokwisha wakauondoa, kwa kuwa waliuhesabu kuwa ni uchafu.

Mswisi Jean Hoerni, wa kampuni ya Fairchild huko California, ndiye aliyeamua uachwe. Transista za siku zile ziliweza kuharibiwa na chembe ndogo tu ya madini iliyodondoka juu yake. Mwaka 1959 Hoerni alionyesha kwamba utando ukibaki, transista hulindwa. Mwenzake Robert Noyce akaongeza hoja nyingine: kwa kuwa utando haupitishi umeme, nyaya nyembamba za alumini zaweza kulazwa juu yake na kuziunganisha transista nyingi zilizomo katika kipande kimoja.

Hapa tofauti ya vitenzi vyetu inadhihirika. Jack Kilby wa Texas Instruments alikwisha kuonyesha saketi katika kipande kimoja cha gerimaniamu tarehe 12 Septemba 1958, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Lakini sehemu za saketi yake ziliunganishwa kwa nyuzi za dhahabu zilizotiwa kwa mkono. Kazi ya Kilby ilikuwa mchongo. Njia ya Hoerni na Noyce ilikuwa chapa.

Namna ya kupiga chapa

Kisahani chenye utando hupakwa utomvu unaobadilika upigwapo na mwanga. Mwanga hupitishwa katika kiolezo chenye mchoro, na utomvu ulioguswa, au usioguswa, huoshwa. Mchoraji wa batiki ataifahamu hatua hii bila taabu, kwani utomvu hufanya kazi ya nta: palipofunikwa hapaguswi. Asidi hula utando palipo wazi, kisha boroni au fosforasi huingizwa katika silikoni ili kubadili namna ipitishavyo umeme. Mzunguko huu hurudiwa mara nyingi, kila mara kwa kiolezo kingine. Kisahani kimoja hubeba mamia ya chipu, na chapa moja huzihudumia zote. Hii ndiyo siri ya urahisi wa bei.

Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa chipu ya 4004 yenye transista 2,300. Chipu za leo zina mabilioni, na mwanga uchapao zilizo bora kabisa una urefu wa wimbi wa nanometa 13.5 tu.

Mikono iliyosahauliwa

Kisahani kilichokwisha kuchapwa kilihitaji kukatwa, na kila chipu kufungwa nyaya chini ya hadubini. Kazi hii ilifanywa hasa na wanawake. Fairchild ilifungua kiwanda Hong Kong mwaka 1963, na kingine mwaka 1965 huko Shiprock, katika nchi ya Wanavajo. Kijitabu cha kampuni cha mwaka 1969 kiliufananisha mchoro wa chipu na mazulia yanayofumwa na Wanavajo. Sifa hiyo ilificha jambo. Mfumaji wa zulia huamua ruwaza yake mwenyewe, ilhali mfanyakazi wa Shiprock aliletewa ruwaza iliyokwisha kuamuliwa kwingine. Mwaka 1975, baada ya wafanyakazi kuachishwa na jengo kutekwa na waandamanaji wenye silaha, kiwanda kilifungwa.

Hitimisho

Hatusemi kwamba mchongo haumo kabisa. Violezo vya 4004 vilikatwa kwa mkono katika plastiki nyekundu, vikiwa vikubwa mara mamia kuliko chipu yenyewe, kabla ya kupunguzwa kwa kamera. Lakini hata hapo, aliyechora, aliyekata, aliyechapa na aliyefunga nyaya walikuwa watu mbalimbali. Federico Faggin, aliyeongoza kazi hiyo, alitia herufi F.F. pembeni mwa mchoro, nazo zikachapwa katika kila nakala. Hao wengine hawakuacha herufi zao. Tukisema chipu "ilichongwa", tunauliza mchongaji ni nani, na jibu ni Faggin peke yake. Tukisema "ilipigwa chapa", tunalazimika kuwauliza na wengine waliokuwamo katika kiwanda cha chapa.