Amplifaya ya Nyumba Yenye Santuri

Muziki wa santuri ulifika Muthetheni, Ukambani, miaka mingi kabla ya stima, na jambo hilo ndilo lililoamua vyombo tulivyonunua. Mimi ni fundi wa redio hapa sokoni. Vyombo vya kila enzi vimepita mezani pangu, na ndivyo vilivyonifundisha amplifaya gani inafaa nyumba za huku.

Katika miaka ya 1970 Ukambani ilikuwa na bendi zake za benga: Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo, Kyanganga Boys ya Peter Mwambi, Kalambya Boys na nyinginezo. Nyimbo zao zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Tulizinunua River Road, Nairobi, tukazileta kwa basi. Mara nyingi wimbo mmoja uligawanywa pande mbili: upande wa kwanza hadithi inaimbwa, upande wa pili magita yanaachiwa uwanja. Aliyetaka kuusikia wote aliinuka akageuza santuri.

Nyumbani tulizipigia kwenye gramafoni za mkoba zilizotumia betri kavu. Sindano zake za kauri zilitoa umeme wa kutosha kuendesha amplifaya ndogo ya ndani bila saketi ya ziada, ila zilikuwa nzito na zilikwangua mifereji. Ndiyo maana santuri nyingi za wazee zinakwaruza leo. Aliyetaka besi aliilaza spika juu ya mdomo wa chungu, na chungu kikaijibu.

Miaka ya 1980 kaseti zikaenea. Kakai Kilonzo alifariki mwaka 1987, na kufikia wakati huo wengi hapa walikuwa wakimsikiliza kwenye redio kaseti. Wengine walifunga redio ya gari ndani ya sanduku la mbao, wakaiunganisha na betri ya volti 12 iliyopelekwa sokoni kuchajiwa. Santuri zikabaki chini ya vitanda.

Stima ilikuja polepole. Sheria ya Kawi ya 2006 iliunda mamlaka ya kusambaza umeme vijijini. Mwaka 2015 ada ya kuunganishiwa ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Nyumba zilizopata stima zilinunua sabufa kwanza. Sabufa inatikisa bati, lakini inameza gita la besi, na katika benga ya Kikamba besi huongea noti moja moja. Tena nyingi hazina tundu la santuri.

Siku hizi vijana wanazitoa santuri za babu zao na kuniuliza wanunue amplifaya gani. Nawaambia waanze na tundu lililoandikwa ‘phono’. Sindano ya sumaku ya kisasa ni nyepesi, haili mifereji, lakini hutoa milivolti chache tu. Bila saketi ya kuzikuza iliyo nyuma ya tundu hilo, sauti itakuwa nyembamba na hafifu. Pembeni pawe na skrubu ya waya wa ethi, la sivyo mvumo hautakwisha.

Pili, wageuze nyuma wasome volti. Amplifaya iliyotumika Japani imeundwa kwa volti 100. Ukiichomeka kwenye stima yetu ya 240 bila transfoma, imeungua. Nimeletewa nyingi za namna hiyo.

Tatu, wasikimbilie wati. Kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo sana sikioni. NAD 3020 ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1978, ilitangazwa kwa wati 20 kila upande, na bado inasakwa duniani kote. Sebule ya matofali yenye paa la bati haihitaji zaidi.

Nne, kitufe cha mono. Santuri zetu nyingi za 45 ni za mono. Ukikibonyeza, sehemu ya mikwaruzo hupungua na sauti ya mwimbaji husimama katikati.

Mwisho, ichague ile ambayo fundi anaweza kuifungua na kupata transista zake. Na usilipe kabla ya kuipigia santuri yako mwenyewe hapo dukani, pande zote mbili. Nyingi ya nyimbo hizo hazikuchapwa tena. Nakala uliyo nayo huenda ndiyo pekee iliyobaki katika ukoo wako. Itafutie chombo kitakachoitunza.