Prosesa ya dola 149 iliyokimbia sambamba na ya dola 669

Tarehe 24 Agosti 1998 Intel iliingiza sokoni prosesa kadhaa kwa mpigo. Moja, Pentium II ya megahezi 450, ndiyo iliyokuwa fahari ya kampuni, na bei yake ya jumla ilikuwa dola 669. Nyingine, Celeron 300A ya megahezi 300, ililengwa kwa wenye mfuko mwembamba: dola 149. Haikuchukua muda wapenda michezo ya kompyuta wakagundua kwamba hiyo ya bei chee nayo, ukijua pa kugusa, inafika 450.

Mchezo huu wa kukimbiza prosesa kupita kasi yake ulikuwa na umri wake. IBM PC AT ya mwaka 1984 ilikimbia megahezi 6, ikiongozwa na fuwele ya kwatzi ya megahezi 12. Fuwele hiyo ilichomeka na kuchomoka kwa urahisi, basi watu wakaichomoa, wakaweka ya 16, na mashine ikapanda hadi megahezi 8. IBM haikufurahi. Matoleo yaliyofuata ya BIOS, ile programu inayoamka kabla ya nyingine zote, yakawa yanapima kasi kila kompyuta inapowashwa. Yakikuta imezidi, mashine inagoma kuendelea.

Katika miaka ya 1990 kufuli likahamia ndani ya prosesa. Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha mapigo ya ubao mama kwa namba fulani, na Intel ikaamua kuifunga namba hiyo kiwandani. Sababu iliyotolewa ilikuwa na uzito: wafanyabiashara wajanja walikuwa wakinunua prosesa za kasi ndogo, wanafuta maandishi, wanaandika kasi kubwa, kisha wanamuuzia mteja asiyejua. Lakini kufuli hilo lililomzuia tapeli lilimzuia pia mwenye mali aliyetaka kukimbiza chombo chake mwenyewe, na Intel haikuonekana kusikitika.

Celeron 300A ilipenya kwa sababu kilichofungwa kilikuwa upande mmoja tu wa hesabu. Kizidisho chake kilikuwa 4.5 na hakibadiliki. Mapigo ya ubao yalikuwa megahezi 66, ambayo ukizidisha unapata karibu 300. Ukiyapandisha mapigo hadi 100, kizidisho kilekile kinakupa 450. Na hizo 100 hazikuwa namba ya kubahatisha. Mbao zenye chipuseti ya Intel 440BX, iliyotoka Aprili mwaka huohuo, zilitengenezwa kwa mapigo hayo, kwa hiyo vifaa vingine viliendelea kupata kasi yao halali. Aliyejaribu 75 au 83 alivilazimisha vifaa hivyo kwenda nje ya kipimo, na mara nyingi diski ndiyo iliyolipa gharama.

Kampuni ya Abit ya Taiwan iliusoma upepo mapema. Ubao wake wa BH6 ulikuwa na ukurasa ulioitwa SoftMenu ndani ya BIOS. Kwenye mbao nyingi za wakati huo, kubadilisha mapigo kulimaanisha kufungua kasha na kuhamisha vidude vya plastiki kwenye pini, tochi mdomoni. Kwenye BH6 unakaa kitini, unachagua mapigo, unaongeza volti kidogo kama prosesa inayumba, unawasha upya.

Wenye mbao zisizo na ukurasa huo nao walipata njia. Prosesa ya wakati huo ilikaa kwenye kadi iliyochomekwa wima, na mguso mmoja wa kadi hiyo, B21, ndio ulioueleza ubao utoe mapigo gani. Watu waliuziba kwa kipande cha utepe au tone la rangi ya kucha. Ubao ukidhani umepewa prosesa ya mapigo 100, unayatoa bila swali.

AMD, mshindani wa Intel, ilipofunga prosesa zake, ikaacha nyuzi nje. Juu ya Athlon na Duron za mwaka 2000 kulikuwa na vijidaraja vilivyokatwa kwa leza, na risasi ya penseli hupitisha umeme. Mstari mdogo wa penseli juu ya kila kijidaraja, na kizidisho kikafunguka. Mwaka uliofuata Athlon XP ilikuja na vishimo mahali pa mikato, hivyo ikabidi kwanza vijazwe gundi, kisha juu yake upite wino unaopitisha umeme. Kazi ya mkono usiotetemeka.

Mwaka 2009 mambo yalivuka kasi. Baadhi ya prosesa za AMD za Phenom II zenye viini viwili zilikuwa kwa kweli za viini vinne, viwili vikiwa vimezimwa kiwandani. Kipengele kimoja cha BIOS kiitwacho ACC, kikiwashwa kwenye mbao zinazofaa, kiliviamsha. Vingine vilikuwa vibovu kweli na mashine ikaganda. Vingine havikuwa na kasoro yoyote ila ya kuhitajika kwenye rafu ya bei ya chini.

Intel ilifunga mlango wa 1998 mwezi Januari 2011. Katika prosesa za Sandy Bridge karibu mapigo yote ya mashine yalitoka chanzo kimoja cha megahezi 100. Ukiyasogeza zaidi ya asilimia chache, diski na USB vinachanganyikiwa. Ufunguo ukaanza kuuzwa: Core i5-2500 ilikuwa dola 205, 2500K yenye kizidisho huru dola 216. Hata hivyo K hiyo ilihitaji ubao wa chipuseti kama P67. Kwenye H67 haikupanda.

Mgawanyo huo bado unawafikia wanaonunua kompyuta zilizotumika maofisini. Dell OptiPlex 990, mashine ya kizazi hichohicho, ina chipuseti ya Q67, na BIOS yake haina ukurasa wa kubadilisha kizidisho. Anayetaka nguvu zaidi hapo hana cha kuziba wala cha kuchora: anatafuta Core i7-2600 iliyotumika, anapaka dawa mpya ya kupitisha joto, anaifunga mahali pa ile ya zamani.